Kisu cha Safari na Usalama wa Mwenye Kukibeba

Mazungumzo ya maafisa wa uhusiano wa polisi na jamii kwa wakazi wa miteremko ya Mlima Elgon, mpakani mwa Uganda na Kenya



Jambo lililotuleta hapa tumeulizwa mara nyingi, kituoni na njiani. Vijana hutaka kujua ni kisu gani kinachomfaa mtu anayelala mlimani siku tatu au nne. Kisha, kabla hatujajibu, huongeza: je, kisu hicho kitanilinda nikikutana usiku na wezi wa mifugo? Maswali haya huja pamoja kana kwamba ni swali moja. Sisi tunayaona ni mawili, na majibu yake hayafanani. Anayechagua kisu kwa kufikiria kazi hupata chombo kitakachomtumikia miaka mingi. Anayekichagua kwa kufikiria ugomvi mara nyingi hununua kitu kisichofaa kazi wala ugomvi.

Tuanze na kazi. Njia ya kutoka Budadiri hadi kilele cha Wagagai, kilicho mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, hupita kwenye matope, mianzi na hatimaye nyika yenye baridi kali. Mpagazi huko hukata kamba, huchonga vigingi vya hema, hupasua vijiti vikavu vya kuwashia moto, humenya viazi, na pengine huchuna mbuzi. Mama aliyeruhusiwa na Mamlaka ya Wanyamapori kuvuna malewa hukata machipukizi ya mianzi. Hakuna hata moja katika kazi hizo linalohitaji kisu kirefu. Kukata miti ni kazi ya panga, na panga tunalo katika kila nyumba. Bapa lenye urefu wa sentimita 10 hadi 13, na unene wa milimita 3 au 4 mgongoni, linatosha kabisa. Likizidi hapo huwa zito kwa viazi na jepesi kwa kuni, na mwenyewe huishia kulibeba kama pambo.

Kisu cha kukunja ni chepesi, nacho hukaa mfukoni vizuri. Lakini kina kiungo, na kiungo hujaa mchanga na utomvu. Kifungio kikilegea, makali humrudia mtumiaji vidoleni. Kwa mtu aliye mwendo wa siku nzima kutoka zahanati iliyo karibu, vidole viwili vilivyokatika si jambo dogo. Kwa hiyo tunashauri kisu kisichokunjwa, kinachokaa katika ala.

Sasa, uimara wa kisu cha namna hiyo hauonekani pale mnunuzi anapotazama. Mnunuzi hutazama makali na mng'ao. Sisi tunamwomba atazame mpini. Chuma cha kisu huendelea nyuma ya bapa na kuingia ndani ya mpini. Sehemu hiyo tuiite mkia. Katika visu vingi vya bei nafuu vinavyotandazwa chini siku ya soko, mkia ni mfupi kama kidole gumba, tena mwembamba, umeshindiliwa ndani ya plastiki iliyoyeyushwa. Kisu hicho hukata nyanya bila shida. Kikikazwa katika kuni ngumu, mkia huchomoka au huvunjika, bapa huruka upande usiotarajiwa, na mkono uliokuwa ukisukuma kwa nguvu huendelea mbele na kukutana na makali. Kisu imara ni kile ambacho mkia wake una upana wa mpini wenyewe na unafika hadi mwisho wake. Ukikigeuza utaona mstari wa chuma ukipita katikati ya vipande viwili vya mti, na vipande hivyo vimeshikwa kwa misumari iliyopenya upande hadi upande. Miwili inavumilika, mitatu ni bora. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha mstari huo, muulize mkia unaishia wapi. Akibabaika, rudisha kisu chake kwa adabu uendelee na safari.

Mpini uwe na kizuizi mbele, hata kama ni nundu ndogo tu, ili kiganja kisiteleze kuelekea kwenye makali wakati mkono umelowa mvua, mafuta au damu ya mnyama. Tunalisisitiza hili kwa sababu mtu anayesukuma kisu kwa ncha, kikagonga kitu kigumu na kusimama ghafla, mara nyingi hujikata mwenyewe vidole. Mti laini uliopakwa rangi ya kung'aa hupendeza dukani na huteleza porini. Mti mgumu uliosuguliwa na kupakwa mafuta ndio unaoshikika.

Kuhusu chuma, tuna bahati ya kuishi na wahunzi. Wengi wao hutumia springi bapa za malori mabovu, na uchaguzi huo ni wa busara, kwa kuwa chuma cha springi kilitengenezwa kipinde na kurudi bila kukatika. Nondo za ujenzi hazifai. Nyingi ni laini, na makali yake hulala baada ya siku moja. Hata hivyo, chuma kizuri kinaweza kuharibiwa na mhunzi mwenye haraka. Chuma kikipashwa moto hadi kiwe chekundu, kisha kikazamishwa ghafla katika mafuta, huwa kigumu sana, lakini ugumu huo ni wa kioo: kikianguka juu ya jiwe hukatika. Fundi anayeijua kazi yake hukipasha tena kwa moto mdogo, akitazama uso uliosuguliwa mpaka uchukue rangi ya majani makavu, ndipo hukiacha kipoe. Moto huo wa pili hukipunguzia ugumu kidogo na kukipa uvumilivu. Muulize mhunzi wako kama kisu chake kimepita moto wa pili. Hilo ni swali la heshima, na fundi wa kweli hufurahi kuulizwa.

Unaweza pia kupima mwenyewe kwa tupa ndogo, karibu na mpini mahali pasipoharibu kitu. Tupa ikizama kama inavyozama katika msumari, kisu hicho ni laini. Ikiteleza kabisa kama juu ya chupa, huenda ni kigumu mno na kitameguka. Ikiuma kwa shida, umepata ulichotafuta.

Chuma cha springi hushika kutu, na mlima wetu haukosi mvua. Kifute kisu kila jioni, ukipake mafuta kidogo, hata yale ya kupikia, na usikilaze ndani ya ala ya ngozi iliyolowa. Vipo visu vya kiwandani vya chuma kisichoshika kutu, navyo ni vizuri kwa mtu asiyependa usumbufu huo, ingawa baadhi yake ni vigumu kunoa kwa jiwe la kawaida. Kisu butu, msidanganyike, ni hatari kuliko kikali, kwa maana humlazimisha mtu kutumia nguvu, na nguvu ikishatoka mkononi hairudishwi.

Kuna vijana wanaotuonyesha, kwa fahari, visu vyenye makali pande zote mbili. Tunawauliza wavitumie kuchonga kigingi mbele yetu. Haiwezekani kuweka kidole gumba mgongoni mwa kisu kisicho na mgongo, wala kukigonga kwa gogo ili kipasue kijiti. Visu hivyo vilibuniwa kwa kuchoma mtu. Askari yeyote, wa upande huu au ule, akikikuta kiunoni mwako atakitambua hivyo, na maelezo yako kuhusu viazi hayatamwingia akilini.

Ala ni nusu ya kisu. Ndugu zetu wa Karamoja na Turkana wana kisu cha mviringo kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono, na makali yake huzungushiwa ukanda wa ngozi unaovuliwa tu kinapotakiwa. Waliokibuni walijua kwamba mwenye kisu hukaa karibu na makali kuliko mtu mwingine yeyote. Basi igeuze ala juu chini, uitikise: kisu kikidondoka, ala hiyo haifai. Bonyeza mwisho wake uone kama ncha inaweza kupenya. Kijana aliyepakiwa kwenye bodaboda na kisu kilichofungwa gazeti kiunoni, pikipiki ikiteleza kwenye tope, anaweza kuchomwa pajani na kisu chake mwenyewe. Ndani ya paja upo mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika chache, kabla hata waliomzunguka hawajakubaliana wampeleke wapi.

Kwa kuwa tumelitaja hilo, tuseme namna ya kusaidia. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, wala usiachie kila mara kuchungulia. Kama kisu bado kimo mwilini, usikichomoe; kizungushie vitambaa kisitikisike na umpeleke mgonjwa hivyo hivyo. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haizuiliki kwa kukandamiza, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, ukaze hadi damu isimame, na ukumbuke saa uliyofunga ili umwambie mganga. Usitie udongo, majani wala majivu. Hata mkato mdogo wa kisu chenye uchafu unaweza kuleta pepopunda, kwa hiyo ulizeni kuhusu sindano yake. Na kama jeraha limetokana na shambulio, mtahitaji fomu ya uchunguzi wa daktari, ambayo upande wa Uganda huitwa PF3 na upande wa Kenya P3. Lakini mgonjwa atangulie hospitalini. Fomu inaweza kumfuata.

Tumefika kwenye swali la pili, lile la kujilinda. Tunajua linatoka wapi. Mtu aliyeamka akakuta zizi tupu, na mbuzi waliokuwa karo ya watoto wamevushwa mpaka kwa njia za panya, hawezi kutulizwa kwa maneno matamu. Hasira yake tunaielewa, na hofu ya mkewe na watoto tunaielewa zaidi. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Katika kazi yetu msemo huo hatuwezi kuufuata, kwa kuwa sisi ndio tunaoitwa kuja kuokota vilivyobaki.

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda gizani. Mwizi wa mifugo kwa kawaida haji peke yake, naye huwa na rungu, panga, mkuki au bunduki. Kila kimojawapo kinakufikia kabla kisu chako hakijamfikia. Ili kisu kitumike, lazima umsogelee mtu hadi umbali ambao naye anaweza kukushika. Mkono wenye hofu hutetemeka na kuloa jasho. Kisu huanguka, au hunyang'anywa na kugeuzwa dhidi ya mwenyewe. Nasi tuliofundishwa kukabili watu wenye visu tunawaambia bila haya kwamba tunapoona kisu jambo la kwanza tunalotafuta ni nafasi ya kurudi nyuma.

Zaidi ya hayo, liko jambo linalotutia wasiwasi kuliko wezi wenyewe. Fikirini kijana anayerudi usiku kutoka Endebess, aliyechelewa sokoni, akapita njia ya mkato. Usiku huo huo mbuzi wameibwa katika kijiji asichokijua. Wanakijiji wamejaa njiani na marungu. Wakimkuta na tochi inayowaka, kitambulisho, na mikono inayoonekana, ataulizwa maswali. Wakimkuta gizani na kisu kirefu chini ya koti, huenda asiulizwe. Kisu alichokibeba ili kumkinga ndicho kitakachomhukumu mbele ya watu wasiotaka kusikia. Tukumbushane pia kwamba kumpiga mshukiwa hadi kufa ni mauaji, awe ameiba au hakuiba, na wingi wa waliompiga haumwondolei hatia hata mmoja wao.

Sheria nayo isikilizwe. Kanuni za adhabu za Uganda, Kenya na Tanzania ni za ukoo mmoja, nazo zinafanana katika jambo hili: kutembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna inayowatia watu hofu, ni kosa, na silaha yenyewe inaweza kutwaliwa. Mkulima anayekwenda shambani na panga begani ana sababu halali, na hakuna askari mwenye akili atakayemsumbua. Mpagazi mwenye kisu ndani ya ala, ndani ya begi, pamoja na kamba na sufuria, vivyo hivyo. Kisu hicho hicho kikionekana kiunoni mahali pa pombe, matangani, kwenye mpira au katika mkutano wa siasa, kimebadilika jina. Mlangoni mwa hifadhi, upande wowote wa mlima, mwonyesheni mhifadhi vyombo vyenu kabla hajaviuliza. Sheria za wanyamapori zinakataza kuingia na silaha bila ruhusa, na kisu kilichofichwa hufikiriwa kuwa cha jangili. Wala msidhani kisu kitawasaidia mbele ya nyati au tembo. Ndiyo maana wapanda mlima hufuatana na askari wa hifadhi.

Haki ya kujitetea ipo, nasi hatutaki mtu aondoke hapa akidhani ameambiwa akae akiuawa. Mahakama huangalia kama kweli ulishambuliwa, kama ulikuwa na sababu ya kuamini kwamba hatari iko juu yako wakati ule ule, kama ililazimu kutumia nguvu, na kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari. Anayekabwa koo akanyakua kisu cha jikoni ana la kusema. Anayemfukuza mwizi aliyekwisha kutupa mbuzi na kukimbia, akamchoma mgongoni, ana machache sana ya kusema, kwa maana hatari ilikuwa imekwisha kuondoka. Na yule aliyewahi kuwaambia rafiki zake kwamba amenunua kisu kwa ajili ya kumngoja fulani, hao rafiki ndio watakaoitwa kutoa ushahidi.

Kinachosaidia ni vitu visivyopendeza kama kisu. Firimbi iliyofungwa shingoni husikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyeshikwa na hofu. Tochi yenye betri nzima humwonyesha jirani uso wako na humnyima mwizi giza. Kutembea watu watatu kunashinda kutembea mmoja mwenye silaha. Wizi ukitokea, mpigieni mwenyekiti wa kijiji na sisi wakati huo huo, usiku ule ule, kwa namba 999 au 112, ambazo hutumika Uganda na Kenya pia, kwa sababu nyayo za mbuzi baada ya mvua ya asubuhi hazisomeki tena. Mkikaa hadi kesho ili kwanza mshauriane, mifugo huwa imekwisha kuvuka, na kazi inayobaki ni ya barua baina ya vituo viwili.

Mama mmoja hapa mbele anauliza kuhusu watoto wanaopeleka ng'ombe malishoni na visu vya baba zao. Mtoto mchungaji anahitaji kukata kamba iliyomkaba ndama. Hilo ni kweli, na tusijifanye hatulioni. Apewe kisu kifupi, chenye ncha ya mviringo, ndani ya ala iliyofungwa kwa ukanda, na afundishwe na mzazi namna ya kukitoa, kukata kuelekea mbali na mwili, na kumpa mwenzake kwa kutanguliza mpini. Asiende nacho shuleni. Jioni kisu kirudi kwa mzazi na kihesabiwe kama wanavyohesabiwa ng'ombe.

La mwisho ni kuhusu visu vinavyookotwa. Ukikuta kisu njiani, mtoni au karibu na mahali palipotokea fujo, usikioshe, usikifute, wala usikipeleke nyumbani kwa kuwa ni kizuri. Kiache kilipo, weka alama ya tawi au jiwe pembeni, zuia watoto na mbwa, utume mtu atuite. Kama ni lazima kuondolewa kwa sababu ya mvua au mafuriko ya mto, kishikwe kwa karatasi au jani pana kwenye kingo za mpini, kitiwe ndani ya boksi kavu, na aliyekishika aje mwenyewe kituoni atueleze alikikuta wapi na saa ngapi.